King'ora kilipolia, hakuna aliyeamka

Usiku wa kuamkia Jumatano moja ya mwezi Novemba, yapata saa tisa kasoro robo, king'ora cha nyumba ya jirani yetu huku Kigamboni kilianza kulia. Nilikisikia. Nilifumbua macho, nikatega sikio kidogo, nikamwambia mke wangu, "Ni kile kile cha kwa Bi Mkubwa," kisha nikavuta shuka na kugeukia upande wa pili. Baadaye nilipowauliza majirani wanne, kila mmoja alikiri kwamba naye alikisikia, na kila mmoja alifanya kama nilivyofanya mimi.

Alfajiri, tukiwa njiani kuelekea msikitini, tuliliona geti dogo la nyumba ile liko wazi. Mlango wa jikoni ulikuwa umebanduliwa kwa mtarimbo. Runinga, mtungi wa gesi, cherehani na simu mbili zilizokuwa zikichajiwa sebuleni havikuwapo. Bi Mkubwa mwenyewe, mjane aliyekwisha kuvuka miaka 60, alikuwa amejifungia chumbani pamoja na mjukuu wake wa kike, wameegemeza kabati mlangoni. Hakuna aliyedhuriwa, alhamdulillahi. Tulipomwita na kumhakikishia kuwa ni sisi, alifungua, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema maneno ambayo hadi leo yananikereketa: "Nilijua hamtakuja, wanangu. Mngekuja vipi, na kila wiki nawaamsha bure?"

Ndugu msomaji, makala haya si ya kuwasema wezi. Wezi tunawajua. Ni makala kuhusu ule usumbufu unaoonekana mdogo, wa king'ora kinacholia bila sababu, na namna unavyoweza kuugeuza mfumo wa ulinzi uliogharimu fedha nyingi kuwa kelele tu ya usiku. Siku hizi mifumo hii imeenea mno katika vitongoji vyetu. Zamani ilikuwa ya mabenki na nyumba za wakubwa. Leo kijana aliyeko Muscat au Dubai humnunulia mama yake seti nzima, fundi akaifunga kwa siku moja, na mama akakabidhiwa rimoti pamoja na namba ya siri yenye tarakimu nne. Anayekabidhiwa maelezo ya kutosha ni nadra sana kumwona.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Bi Mkubwa. Mwanawe anayefanya kazi Muscat ndiye aliyelipia. Mara ya kwanza king'ora kilipolia, mnamo Agosti, wanaume tisa tulifika na marungu na tochi. Tukamkuta Bi Mkubwa barazani ametahayari, hakuna mwizi. Mara ya pili tulikwenda watano. Kufikia mara ya nne alikwenda mlinzi wa nyumba ya jirani peke yake, naye aliishia getini. Kampuni ya ulinzi iliyounganishwa na mfumo ule, baada ya safari kadhaa za bure, ilianza kupiga simu kwanza. Na simu isipopokewa, gari halikutumwa. Huko Muscat, mwanawe alikuwa akipokea ujumbe katika simu yake kila king'ora kilipolia, mpaka akachoka kuamshwa na kukesha akipiga simu Tanzania. Akaizima sauti ya zile taarifa. Usiku ule wa Jumatano kampuni ilipiga simu. Simu zilikuwa mikononi mwa wezi. Haikupokelewa, na gari halikuja. Ujumbe ulifika Muscat sawasawa, ukasomwa asubuhi.

Kumbukumbu zilizokuwa ndani ya sanduku

Kwa kuwa niliona haya kubaki na lawama tupu, nilimwomba fundi mmoja wa mtaa wetu, kijana aliyewahi kufanya kazi ya kufunga mifumo hii, tukaikague nyumba ile. Bi Mkubwa alitukaribisha kwa chai na vitumbua, akasema, "Kichunguzeni chote, Ustadhi. Kama hakitengenezeki kingolewe." Tulikaa siku mbili.

Jambo la kwanza alilolifanya fundi lilinishangaza kwa wepesi wake. Hakugusa waya wala kupanda ngazi. Alikwenda kwenye lile sanduku kuu la mfumo, akabonyeza vitufe vichache, akaanza kusoma. Kumbe masanduku mengi ya aina hii huhifadhi kumbukumbu: tarehe, saa, na eneo lililosababisha king'ora kulia. Muda wote tulipokuwa tukilalamika kwamba "kinalia tu chenyewe", sababu ilikuwa imeandikwa mle ndani na hakuna aliyeiuliza.

Tulinakili matukio yote 11 yaliyotangulia usiku wa wizi. Manne yalitokana na kihisio cha sebuleni, yote baada ya saa sita usiku. Matatu yaliambatana na kukosekana kwa umeme. Mawili yalitokea alfajiri. Moja lilitokana na mlango wa jikoni, siku ya mvua. Moja hatukupata maelezo yake.

Kisha fundi akasoma tukio la kumi na mbili, lile la kweli. Akalisoma mara mbili, akanitazama. Mlango wa jikoni, kisha, sekunde 9 baadaye, kihisio cha ukumbi. Kisha kihisio cha sebuleni. Vitu vitatu mbalimbali, kwa mpangilio ule ule ambao mtu aliyeingia kwa mlango wa jikoni angeupita. Katika yale matukio 11 hakuna hata moja ambalo vihisio viwili tofauti vilifuatana namna hiyo. Tofauti kati ya uongo na kweli ilikuwapo na ilionekana waziwazi kwa yeyote ambaye angetazama. Sikio letu la mtaani halikuweza kuitambua, kwa sababu king'ora kina sauti moja tu.

Jicho lisiloona sura

Ili kuelewa kwa nini kihisio cha sebuleni kilidanganya mara nne, hatuna budi kujua kinavyofanya kazi. Kile kidude cheupe kinachobandikwa pembeni mwa chumba, ambacho mafundi wetu hukiita sensa, hakioni mtu. Hakina kamera. Kinapokea mnururisho wa joto usioonekana kwa macho, ambao kila kitu chenye uvuguvugu huutoa. Mbele yake kuna kipande cha plastiki chenye mistari mingi. Hiyo ni lenzi, na kazi yake ni kukigawa chumba katika vipande vipande, mfano wa vijiti vya feni ya mkono vinavyotanda kutoka sehemu moja. Kitu chenye joto tofauti na mazingira yake kinapovuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine, kihisio hupata mshtuko wa umeme mdogo sana na kutoa taarifa. Ndiyo maana hukamata upesi zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja, na ndiyo maana fundi mzuri hukiweka kwenye pembe ambayo mwizi atalazimika kukatiza, kwa kawaida kimo cha mita 2 na ushei kutoka sakafuni.

Basi chochote chenye joto na mwendo kinaweza kukidanganya. Pazia lililopigwa jua jioni nzima, likapeperushwa na feni, linatosha. Upepo wa kiyoyozi unaopuliza juu yake moja kwa moja unatosha. Jokofu linalotoa joto nyuma yake, jua la alasiri linaloangukia sakafu ya vigae kisha likafunikwa na wingu, yote hayo yamewahi kuamsha mitaa. Na msimu wa joto una hila yake. Chumba kilichofungwa mwezi Februari hapa Dar es Salaam huweza kukaribia joto la ngozi ya mwanadamu, na hapo kihisio hupata taabu kumtofautisha mtu na ukuta. Watengenezaji wengi wameweka ndani yake utaratibu wa kuongeza wepesi wake joto linapopanda, ili kisimkose mwizi. Faida hiyo ina gharama: kinapokuwa chepesi zaidi kwa mtu, kinakuwa chepesi zaidi pia kwa pazia.

Kwa Bi Mkubwa, hata hivyo, mkosaji hakuwa pazia. Fundi alipopanda ngazi na kukifungua kile kihisio, alianguka kicheko. Mjusi alikuwa amejipatia makazi nyuma yake, pamoja na mayai mawili. Tundu lililotobolewa ukutani kupitishia waya halikuzibwa, na usiku mjusi alitoka kupitia hapo kuwinda wadudu wanaofuata taa, akitembea juu ya lenzi yenyewe. Kiumbe kidogo kilicho umbali wa sentimita moja mbele ya lenzi hujaza vipande vyote kwa mara moja, na kwa kihisio kinakuwa sawa na mtu mzima aliyesimama katikati ya chumba. Buibui hufanya vivyo hivyo. Dawa yake iligharimu fedha ya kununua vitumbua vya siku ile: tundu lilizibwa kwa silikoni, lenzi ikafutwa kwa kitambaa laini kilichonyevushwa. Fundi alitutahadharisha tusipulize dawa ya wadudu juu ya lenzi, kwani huacha utando na huweza kuiharibu plastiki.

Kuna vihisio vinavyouzwa kwa maelezo kwamba havishtushwi na wanyama wa nyumbani, na kweli vimetengenezwa visijali kiumbe kidogo kinachotembea sakafuni. Lakini paka haishi sakafuni peke yake. Akirukia mgongo wa kochi, akapanda juu ya kabati, amekwisha kuingia katika eneo ambalo kihisio hutarajia kumwona binadamu. Mwenye paka ama amtoe chumbani usiku, ama asiweke kihisio cha mwendo katika chumba hicho, atosheke na vya milangoni. Vipo pia vihisio vya aina mbili ndani ya kimoja, kinachopima joto pamoja na kinachotuma mawimbi ya mikro na kusikiliza yanavyorudi. Havitoi taarifa mpaka vyote viwili vikubaliane. Vina bei kubwa zaidi. Kwa veranda na banda la gari, ambako upepo na wadudu hawazuiliki, naona bei hiyo ni halali yake. Ila mawimbi hayo hupenya mbao na vioo, na hata kuta nyembamba, kwa hiyo visielekezwe upande wa barabara.

Umeme, betri na LUKU iliyokwisha usiku

Yale matukio matatu ya kukosekana kwa umeme yalinifunza jambo ambalo sikulijua kabisa. Mfumo wa ulinzi una betri yake ya akiba, mara nyingi ya volti 12 na ampia-saa 7, iliyofungwa ndani ya sanduku kuu. Betri ikiwa mpya, na mfumo ukitumia robo ya ampia, kwa hesabu tu ingeweza kuubeba kwa saa 28. Lakini betri za aina hiyo, zenye risasi na asidi, huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na katika joto la pwani huchoka mapema zaidi. Ya Bi Mkubwa, kwa tarehe iliyobandikwa ubavuni, ilikuwa imetengenezwa miaka sita nyuma. Aliuziwa mfumo mpya wenye betri iliyozeeka ghalani.

Sasa sikiliza kinachotokea. King'ora cha nje, kile cha ukutani juu, mara nyingi huwa na kijibetri chake ndani, na kimetengenezwa hivyo makusudi: mwizi akikata waya unaotoka kwenye sanduku, king'ora kitambue kuwa kimekatiwa na kilie kwa nguvu yake chenyewe. Ni busara nzuri. Lakini king'ora hakijui waya umekatwa na nani. Umeme ukikatika, au uniti za LUKU zikaisha saa saba usiku watu wakiwa wamelala, sanduku huhamia kwenye betri. Betri ikiwa imechoka, huzimika baada ya dakika chache. Na king'ora cha nje, kwa kukosa kile kinachokipa uhai, huhukumu kwamba waya umekatwa. Kinalia. Mwenye nyumba anaamka gizani, anabonyeza namba ya siri kwenye kibao kilichokwisha kuzimika, hakuna jibu, na majirani wanamlaani.

Katika matukio yale matatu, mawili yalikuwa ya LUKU kuisha. Bi Mkubwa alikuwa na desturi ya kununua umeme wa kidogo kidogo, kama wengi wetu. Hakuna fundi aliyemweleza kwamba uniti zake zina uhusiano wowote na king'ora.

Betri ijaribiwe. Namna nyepesi ni kuzima swichi kuu ya umeme mchana, mfumo ukiwa umewashwa na kampuni ya ulinzi ikiwa imearifiwa, kisha kusubiri saa tatu au nne na kuona kama sanduku bado li hai. Likizimika kabla ya hapo, betri inunuliwe nyingine, na mnunuzi aitazame tarehe kabla ya kulipa.

Milango, mvua na nyaya za ukutani

Ama kuhusu milango, ile iliyofungwa kihisio cha sumaku ina vipande viwili: kimoja kwenye fremu, kingine kwenye ubao. Vikiwa karibu, mfumo hutulia, vikiachana, hulia. Msingi huu ni wa kale. Augustus Pope wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani alipata hataza ya kengele ya umeme dhidi ya wezi mwaka 1853, na tangu siku hiyo hadi leo wazo halijabadilika sana: mlango ukisogea, njia ya umeme inabadilika, kengele inalia. Kengele haijawahi kujua ni nani aliyeusogeza mlango.

Mbao zetu hunywa maji wakati wa masika na vuli, zikavimba, mlango ukawa haufungi hadi mwisho. Kiangazi hujikunja, mwanya ukapanuka. Upepo wa kusi unapopiga, mlango wenye komeo legevu hutikisika usiku kucha. Hayo ndiyo yaliyoupata mlango wa jikoni wa Bi Mkubwa siku ile ya mvua, na aliyestahili kuitwa alikuwa seremala. Fundi wetu alisogeza sumaku kidogo, lakini alisisitiza kwamba mlango urandwe na komeo libadilishwe. Hapa nina uchungu wangu: mlango ule ule wenye komeo legevu ndio wezi walioubandua. King'ora kilikuwa kimeshatuambia, kwa lugha yake, kwamba mlango wa jikoni ni dhaifu.

Kwa wenye uzio wa umeme juu ya ukuta, matatizo ni ya namna yake. Nyaya zile hupitishiwa mipigo ya volti maelfu kadhaa, karibu kila sekunde moja, na king'ora hulia pale nguvu inapopungua upande wa pili. Kuti la mnazi likilala juu ya waya, mmea unaotambaa ukiugusa, kunguru akibeba kipande cha waya kwa ajili ya kiota na kukidondosha hapo, nguvu huvuja. Komba nao hupenda kutembea juu ya kuta usiku. Sisi tunaoishi karibu na bahari tuna la ziada: upepo huleta chumvi, ikajipaka kwenye vishikio vya plastiki vinavyozitenga nyaya na chuma, manyunyu ya kwanza yakishuka, chumvi ile hulowa na kupitisha umeme. Ndiyo sababu usiku wa mvua ya kwanza ya vuli huwa tamasha la ving'ora kutoka Mjimwema hadi Kibada. Vishikio vioshwe kwa maji safi kabla ya misimu ya mvua, uzio ukiwa umezimwa, na mti ulio jirani ukatwe matawi.

Wanaoishi ndani

Nimeliacha hili nyuma ilhali mafundi karibu wote wanalitaja la kwanza: king'ora hulizwa zaidi na watu wa nyumba yenyewe kuliko na mjusi. Yale matukio mawili ya alfajiri yalikuwa ya mdogo wake Bi Mkubwa, aliyetoka Tanga kuja kutibiwa. Mzee wa watu aliamka kwenda kuswali jamaa, akafungua mlango wa mbele kwa adabu, polepole asiwaamshe watu. Akaamsha mtaa mzima. Mara ya pili alikumbuka kwamba kuna namba ya siri, lakini hakukumbuka tarakimu.

Nyumba ya Kiislamu, hasa Ramadhani, haina usiku uliotulia kama mwongozo wa kiwandani unavyodhani. Watu huamka daku, wengine hurudi kutoka tarawehe wenzao wamelala, wageni hufika bila taarifa. Mfumo lazima upangwe kufuata nyumba. Mingi ina hali mbili za kuwashwa: ya watu wote kuondoka, ambayo huamsha vihisio vyote, na ya kulala, ambayo huacha milango na madirisha tu yakiwa na ulinzi, watu wakawa huru kutembea ndani. Bi Mkubwa kwa miezi mitatu alikuwa akitumia hali ya kuondoka huku yeye yumo ndani, kwa sababu kitufe kimoja tu ndicho alichoonyeshwa. Upo pia muda wa kuingia na kutoka, yaani sekunde ambazo mfumo humvumilia mtu baada ya mlango kufunguliwa ili abonyeze namba yake. Wake ulikuwa umewekwa sekunde 15. Kwa mama mwenye magoti mabovu, funguo mkononi na kapu la sokoni, sekunde 15 ni dhuluma. Tuliziongeza hadi 45.

Kila anayelala ndani ya nyumba, pamoja na dada wa kazi na mgeni wa wiki moja, afundishwe kuzima. Afadhali kila mtu awe na namba yake ili aliyekosea ajulikane bila ugomvi, na mgeni akiondoka namba yake ifutwe. Kitufe cha dharura kisiachwe mahali ambapo mtoto hukifikia wala kwenye mkoba uliojaa vitu.

Kuthibitisha kabla ya kukimbia

Nchi zilizotutangulia katika mifumo hii zilikwisha kuonja uchovu tulioonja mtaani kwetu. Nchini Marekani uchunguzi mbalimbali umeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya miito ya ving'ora inayofika kwa polisi ni ya bure. Mji wa Salt Lake City, tangu Desemba 2000, uliamua kwamba polisi wake hawatakimbilia king'ora cha wizi mpaka mlinzi binafsi afike kwanza na kuthibitisha. Nchini Uingereza, sera ya polisi ni kwamba mfumo ukiita bure mara 3 ndani ya miezi 12 huondolewa haki ya kufikiwa na polisi, na mifumo inayotaka haki hiyo hutakiwa iwe na namna ya kuthibitisha. Mojawapo ni hiyo ya vihisio viwili mbalimbali kufuatana. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka sekunde zile 9 kati ya mlango wa jikoni na ukumbi.

Fundi aliupanga upya mfumo wa Bi Mkubwa kwa msingi huo. Kihisio kimoja kikishtuka peke yake, kengele ndogo ya ndani hulia na ujumbe hutumwa. Viwili vikifuatana, hulia king'ora kikubwa cha nje, na kampuni ya ulinzi imekubali kwa maandishi kwamba katika hali hiyo gari litatumwa hata kama simu haikupokewa. Zimewekwa namba tatu za kupigiwa badala ya moja: ya Bi Mkubwa, ya jirani wa ukuta mmoja, na yangu. Lipo na neno la siri la kuthibitisha kwamba ni salama, pamoja na neno la pili, la kawaida kabisa, ambalo mtu aliyeshikiwa panga atalitamka ili wasikilizaji waelewe. King'ora kimewekewa kikomo, kisilie hadi mtu wa mwisho mtaani aape. Mwanawe wa Muscat amerudisha sauti ya taarifa zake.

Majirani nao walikutana barazani kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Palikuwa na maneno makali, sitaficha. Baba mmoja mwenye mtoto mchanga alisema hataki kusikia habari ya king'ora tena maisha yake yote. Mwishowe tulikubaliana mambo machache. Kila nyumba yenye mfumo itatangaza siku ya majaribio, Jumamosi ya kwanza ya mwezi baada ya alasiri. Kila king'ora kitakapolia usiku, mwenye nyumba atawajulisha majirani asubuhi sababu ilikuwa nini, hata kama ni ya kutia aibu. Na king'ora kikubwa cha nje kikilia, wawili watatoka na tochi hadi getini, hawataingia, na watapiga 112 wakiona dalili. Bi Mkubwa alinunua daftari la kurasa 96, akaliweka juu ya meza ya barazani.

Tangu hapo king'ora chake kimelia mara moja tu, mwezi Januari. Mimi nilifika wa tatu, sina ujasiri wa kujisifu. Wawili walikuwa wamekwisha kusimama getini, na mmoja wao ni yule baba wa mtoto mchanga, amevaa msuli na kandambili. Bi Mkubwa alitoka na taa, akaanza kuomba radhi. "Usituombe radhi, Mama," akamwambia yule baba, "tuambie tu nini kimetokea." Mjukuu alikuwa ametoka kuanua nguo kamba ya uani, mlango ukafungwa na upepo, akaingilia dirishani. Yule baba aliomba kalamu, akaegemea nguzo ya baraza na kuandika katika daftari: Jumapili, saa 4.10 usiku, dirisha la chumba cha pili kisha ukumbi, mtoto wa nyumba, tumekuja watatu.